CHOMBO KILICHOLALA NACHO CHATAKA MLINZI

Mtu akisikia kuwa jarida la wakulima wa karafuu latafuta mafunzo ya vyombo huko Same, hapana shaka atacheka. Same ni mji wa bara, ulio kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mbele yake ni nyika kavu, na nyuma yake imesimama milima ya Upare, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Shengena, chafika mita 2,462. Mtu wa huko aweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka, asisikie hata siku moja mlio wa maji yakijaa pwani. Lakini elimu haichagui pwani wala bara, na sisi twaona kuwa jambo ambalo Wapare wamelijua tangu zamani ndilo khasa ambalo wengi wetu wenye vyombo tumelisahau.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, mavuno yakisha na karafuu zikisha kufikishwa vituoni, wenye mashua na madau huvipandisha vyombo vyao pwani, wakangojea masika yapite na kusi lipunguze nguvu. Ndipo swali lile lile huulizwa: "Chombo changu kimelala, hakiendi popote, kwa nini nilipe bima ya miezi hii?" Na wengine hata hawaulizi. Huiacha bima ikafa, hutupia makuti mawili matatu juu ya chombo, wakarudi shamba kupalilia mikarafuu. Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa miezi ambayo chombo kimelala ndiyo miezi ya kukilinda zaidi, na ndiyo miezi ambayo bima yake haifai kuachwa. Tunaomba kila mwenye chombo asome sababu zake hata mwisho, na asiye na chombo amsomee jirani yake aliye nacho.

NDIVA ZA WAPARE

Milima ya Upare hupata mvua nyingi upande wa mashariki na huko juu kwenye misitu, kwa sababu ndiko mawingu yatokayo baharini yanakogonga kwanza. Upande wa magharibi, ulipo mji wa Same, hubaki nyuma ya mlima, na mvua yake ni chache. Watu wa huko hawakukaa wakalalamika. Wazee wao walijenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililowekwa juu ya mashamba. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji ya mto huingia humo kwa mfereji mpaka likajaa. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka kwa mifereji hata mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Katika bonde la Makanya, kwenye vijiji kama Bangalala na Vudee, desturi hii imedumu hata zama zetu hizi.

Sasa, ndugu zetu, angalieni ubora wa desturi hiyo. Ndiva haiharibiki siku ambayo watu wote wamesimama kandoni mwake na majembe yao. Huharibika kimya kimya. Mvua huleta tope likajaa chini, mizizi hupenya ukutani, na panya hutoboa. Mtu asiyeiangalia huja siku ya haja akakuta ndiva yake imekuwa sahani. Kwa hivyo Wapare wana kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu; tope huzolewa, ukuta huzibwa, mfereji husafishwa; na asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini. Kazi hiyo hufanywa kabla ya maji kuhitajiwa, na kila nyumba inayokunywa faida yapaswa kutoa jasho.

Basi hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, mali hulindwa wakati imelala. La pili, mlinzi wake si mtu mmoja tu bali ni wote wanaofaidika nayo. Tutayarudia mafunzo haya yote mawili tukifika kwenye khabari za bima.

VYOMBO VYA MAJI BARIDI

Asidhani mtu kwamba huko Upare hakuna vyombo kabisa. Kaskazini ya Same, katika Wilaya ya Mwanga, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Same katika wilaya moja ya Pare, liko ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare ya Kaskazini na mpakani na Kenya. Magharibi ya milima hiyo hiyo liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika mto Pangani kwa ajili ya umeme na kumwagilia mashamba. Kote kuwili wamo wavuvi, na mitumbwi yao ndiyo riziki yao kama mashua zilivyo kwetu.

Vyombo vya huko havijui tufani ya baharini, lakini vina adui zake. Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma, na mtumbwi uliofungwa kandoni huachwa juu ya tope kavu, jua likiupiga tangu asubuhi hata jioni. Mbao hukauka, hujikunja, na viungo hufunguka. Mvua zikirudi maji hurudi pia, na chombo kilichoachwa wazi huingiwa na maji kikazama pale pale kilipofungwa, pasipo dhoruba yo yote. Huko Jipe kuna magugu yaliyotapakaa ziwani, na kuna viboko na mamba, hata kulinda chombo usiku kwenye ukingo si kazi ya mchezo.

Tena wenzetu wa maji baridi wamepata msimu wa kulala ambao haukuletwa na upepo. Mwaka 2016 uvuvi katika Nyumba ya Mungu ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaa. Na mwaka 2024 ziwa Tanganyika lote lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, kwa mapatano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mwenye chombo aliyejiandaa huutumia muda kama huo kutengeneza mbao na kuosha mashine. Asiyejiandaa hurudi majini na chombo kibovu kuliko alichokipandisha. Miezi mitatu ni mingi kwa mbao iliyoachwa juani.

TUFANI TATU

Na sisi tulio visiwani tunayo sababu kubwa zaidi. Tufungue daftari la miaka tuone.

Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, tufani kubwa ilikipiga kisiwa cha Unguja. Vyombo vilivyokuwa vimetia nanga bandarini viliangamia, na mikarafuu iliyong'olewa au kuvunjwa ilikuwa mingi mno, hata mashamba ya Unguja hayakurudia tena ukubwa wake wa kwanza. Pemba iliepukana na sehemu kubwa ya balaa hiyo, na tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kubwa la karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka themanini kamili baadaye, tufani nyingine iliupiga mji wa Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, na vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa.

Tazameni tarehe hizo. Aprili, Aprili, Mei. Zote tatu zimeangukia masika, miezi ambayo mwenye mashua husema, "Chombo changu kimepumzika." Vile vyombo vya mwaka 1872 havikuwa safarini. Vilikuwa bandarini, mahali ambapo kila mtu hudhani pana salama. Baada ya hapo huja kusi lenye nguvu la Juni na Julai, nalo twalijua. Meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na watu wetu wengi wakapotea, Mungu awarehemu. Ni kweli kwamba kukipandisha chombo katika miezi hiyo ni busara. Lakini kukipandisha si mwisho wa kazi.

NAMNA YA KUKILAZA CHOMBO

Mafundi wetu wanayajua haya, lakini yafaa kukumbushana, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, mahali. Chombo kipandishwe wakati wa bamvua, na kivutwe kupita alama ya juu kabisa ya maji. Msidanganywe na bamvua ya Januari. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Aprili, na chombo kilichoonekana kiko mbali na maji mwezi mmoja huweza kuelea chenyewe usiku wa mwezi mwingine, kikagongwa mwambani. Kiwe mbali na mnazi wenye madafu na mti wenye matawi makavu. Amari na nanga zisiwekwe ghalani; chombo kifungwe nazo vile vile kana kwamba kiko majini.

Pili, makalio yake. Mkuku uketi juu ya magogo, na magogo yaketi juu ya mawe, ili mchwa wasipande kutoka ardhini. Mchwa huweza kula chombo ambacho bahari imeshindwa nacho miaka ishirini. Gadi ziwekwe pande zote mbili, nazo zitazamwe kila baada ya mvua kubwa, kwani mchanga ukilowa gadi hulegea, na chombo kikiegemea ubavu mmoja mataruma hupindika.

Tatu, maji ya mvua. Wengi huogopa maji ya chumvi wakayadharau maji ya mvua, na kumbe maji ya mvua ndiyo yaozeshayo mbao upesi. Omo iinuliwe kidogo kuliko tezi ili maji yakusanyike mahali pamoja. Ikiwa chombo kina kizibo chini, kitolewe na kiwekwe mahali panapojulikana. Ikiwa hakina, mtu aende kufua maji kila mvua inaponyesha. Juu pajengwe banda la makuti lenye kupitisha upepo. Turubali lililolazwa juu ya mbao huzuia mvua lakini huzuia na hewa, na chombo hutoka jasho ndani kikaoza kimefunikwa.

Nne, vifaa. Tanga lioshwe kwa maji baridi, likaushwe sawasawa, litundikwe mahali ambapo panya hawafiki. Mashine ya boti ipitishwe maji baridi mpaka chumvi iishe, mafuta yaliyobaki yatolewe katika tangi na kabureta, na tone la oili litiwe mahali pa plagi. Oili ya giya itazamwe. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia na sili imekufa, na ni kheri kujua hayo sasa kuliko katikati ya mkondo wa Pemba. Mashine isimamishwe wima ndani ya nyumba, na namba yake iandikwe katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

Tano, kurudi majini. Kabla ya kushusha, fundi atazame viungo vyote, atie pamba na kukalafati palipofunguka, kisha apake sifa na deheni kama ilivyo desturi. Chini papitishwe moto wa makuti kuua wadudu watoboao mbao. Mbao zilizokauka zimwagiwe maji ya bahari siku kadhaa ili zijae tena, na siku ya kwanza chombo kisipakiwe mzigo.

BIMA NI NINI, NA SI NINI

Sasa tuje kwenye bima. Bima si ngeni duniani. Huko London, katika karne ya kumi na saba, wenye meli na wafanyabiashara walikuwa wakikutana katika mkahawa wa kahawa wa mtu aitwaye Edward Lloyd, na hapo wakagawana khatari za safari: wengi hutoa kidogo kidogo, na mmoja aliyepatwa hulipwa. Kwetu, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na Shirika la Bima la Zanzibar mwaka 1969. Leo kampuni ni nyingi, na msimamizi wa zote ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa wanachama wanaochelea riba na mashaka ya mkataba, sasa iko nchini takaful, ambayo ni kuchangiana kwa kufuata sharia, nao wanaweza kuiuliza.

Lakini kuna mambo sita ambayo mwenye chombo lazima ayajue kabla hajatia sahihi.

La kwanza ni kusema kweli. Bima hujengwa juu ya uaminifu. Ukiulizwa umri wa chombo, mbao zake, kinalala wapi na nani anakilinda, sema kama ilivyo. Neno moja la uongo lililokuokolea shilingi chache laweza kukupotezea fidia yote.

La pili ni masharti ya kulala. Baadhi ya mikataba hutofautisha miezi ya kutembea na miezi ya kulala. Ukisema chombo chako kitalala kutoka Aprili hata Julai, ada yaweza kupunguzwa, au sehemu yake ikarudishwa. Hilo ni jambo jema. Lakini ukikishusha mwezi wa Juni kwa safari moja tu ya harusi, na likatokea la kutokea, usitazamie kulipwa. Kwa hivyo usiikate bima kwa sababu chombo kimelala. Nenda ukaulize ada ya chombo kilicholala. Mwenye kuikata hubaki uchi katika masika yale yale ambayo daftari letu limeyaonya mara tatu.

La tatu ni uchakavu. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo imekuwa kiolezo kwa nchi nyingi, yasema kuwa, isipokuwa mkataba umesema vingine, mwenye kukatia bima halipi uchakavu wa kawaida wala khasara iliyoletwa na panya na wadudu. Fahamuni neno hilo. Tufani, moto, wizi na kugongwa, hayo ni ya bima ikiwa yametajwa katika hati. Kuoza, mchwa na mdudu wa mbao, hayo ni ya mwenyewe. Bima haitafanya kazi ya gadi wala ya makuti. Na chombo kilichoachwa kioze, kikivunjwa na upepo, hutia mgogoro: je, kilivunjwa na upepo, au na uozo?

La nne ni thamani. Tuseme mashua ya mwanachama yafaa shilingi milioni kumi, naye kwa kuogopa ada kaikatia bima ya milioni sita. Pakitokea uharibifu wa milioni mbili, atadhani kuwa atalipwa zote, kwa kuwa mbili ni chini ya sita. Hesabu ya bima ya bahari si hiyo. Sehemu ambayo hakuikatia huhesabiwa kuwa ameibeba mwenyewe. Kwa kuwa amekata bima ya sehemu sita katika kumi, hulipwa sehemu sita katika kumi za ile khasara, yaani shilingi milioni moja na laki mbili. Laki nane ni zake. Basi mwulizeni fundi na muuza mashine thamani ya haki, msiipunguze wala msiizidishe.

La tano ni safari ya halali. Hakuna bima inayolinda safari ya magendo. Mtu anayebeba karafuu usiku kuzipeleka ng'ambo kinyume cha sheria hana bima, hata akiwa na hati kumi mfukoni. Chombo kiandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na leseni yake iwe hai.

La sita ni wajibu siku ya ajali. Mwenye chombo hakai akatazama bahari ikimalizia mali yake kwa kuwa ana bima. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 1906 yamtaka afanye lililo haki ili khasara isizidi: avute mbao, afunge kamba, atoe mashine majini. Kisha apige picha, atoe taarifa polisi na kwa kampuni pasipo kukawia, asitengeneze mpaka mkadiriaji wa khasara ameona. Aandike majina ya mashahidi.

KUSAIDIANA NA BIMA SI KITU KIMOJA

Wako watakaosema, "Sisi tuna mfuko wetu wa kijiji. Mtu akipatwa twamchangia. Bima ya nini?" Twausifu mfuko huo, na twataka kila tawi liwe nao. Lakini tufikiri kidogo.

Mfuko wa kijiji hufaa pale anapopatwa mmoja na wengine mia wamesalimika. Mashua ya mmoja ikiungua, mia huchanga. Je, tufani ikija? Vyombo vyote vya kijiji vimelala pwani moja, katika hori moja. Upepo uliovunja changu umevunja na chako, na mikarafuu yetu imelala chini pamoja. Siku hiyo kila mtu ni mwombaji na hapana mtoaji. Ndivyo ilivyokuwa Unguja mwaka 1872: bandari nzima ilipatwa mara moja, na mashamba pia. Nchi ilisimama tena kwa sababu Pemba, iliyo mbali kidogo, ilisalimika. Maana ya bima ni hiyo hiyo. Khatari hugawanywa na watu walio mbali, ambao tufani yetu haiwafikii, kama vile yao isivyotufikia sisi. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu na mwenye dau wa Kojani wakiwa katika bima moja, si rahisi wote wawili wapatwe usiku mmoja.

Kwa hivyo kila kimoja kiwe na kazi yake. Kuoza, gadi kulegea, kamba kuchakaa, ugonjwa wa mwenye chombo akashindwa kwenda kufua maji, hayo ni ya jirani na ya mfuko wa tawi, kwani bima haiyalipi. Tufani, moto na wizi mkubwa, hayo ni ya bima, kwani mfuko hauyawezi.

SHAURI LETU KWA MATAWI

Twashauri kila tawi lenye wenye vyombo lifanye msaragambo wake. Mwezi wa Machi, kabla ya masika kushika, iwekwe siku moja ambayo kila mwenye chombo atakuja, yeye au mtu wake, na vyombo vyote vya pwani hiyo vitavutwa, vitawekwa juu ya magogo na kutiwa gadi. Mtu mmoja huhitaji wiki kukivuta chombo chake. Watu thelathini hukivuta kwa nusu saa. Asiyekuja bila ya udhuru alipe faini iliyokubaliwa, nayo iingie mfukoni. Pia iwekwe zamu ya kulinda usiku, na zamu ya kufua maji baada ya mvua.

Siku hiyo hiyo katibu wa tawi afungue daftari. Aandike jina la chombo, urefu wake, mwaka wa kuundwa, namba ya mashine, thamani, na namba na tarehe ya mwisho ya bima. Picha ipigwe kwa simu, ya omo, ya tezi na ya ndani. Daftari hilo lina faida mbili. Mashine ikiibwa, namba yake inajulikana siku ile ile. Na tawi likienda kwa kampuni ya bima likiwa na vyombo arubaini vilivyoorodheshwa, vinavyolazwa kwa kanuni moja na kulindwa kwa zamu, linasikilizwa kuliko mtu mmoja mwenye dau moja na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Muulize ada ya kutembea na ada ya kulala, na majibu yaandikwe. Msikubali maneno matupu ya mdomo, kwani siku ya khasara ni hati ndiyo isemayo.

Tena tabiri za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe mwezi wote wa Aprili na Mei, na tawi liwe na mtu mmoja wa kuzitangaza pwani na msikitini. Mwaka 2024 onyo la Hidaya lilikuja mbele ya upepo. Mwaka 1872 hakukuwa na wa kuonya.

Ndugu Wanachama, mkarafuu hutaka miaka sita, saba, nane kabla ya kutoa mavuno ya maana, na hapana mtu mwenye akili anayeuacha ukafa kwa sababu mwaka huu hauna karafuu. Hupaliliwa, hukingwa na moto, hutazamwa, kwani mwenyewe ajua kuwa mwaka wa mavuno unakuja. Chombo nacho ni vivyo hivyo. Karafuu zikija, ndicho kitakachotoa magunia mashamba ya mbali hata vituoni, na siku hiyo si ya kuanza kutafuta mbao na fundi. Waulizeni Wapare: hakuna anayezoa tope la ndiva siku ambayo mahindi yamekwisha kunyauka.

Bamvua za Machi hazichelewi. Wenyeviti wa matawi watangaze siku ya kazi mapema, na makatibu wapeleke majina ya vyombo kwa halmashauri kabla ya mvua za mwanzo. Mwenyezi Mungu atukinge sisi na vyombo vyetu, na atujaalie mavuno mema.